Nyoka dume, nyoka jike na makosa ya lugha yetu

Majuzi nilikuwa kwangu Kiminini vijana wawili walipokuja mbio. “Prof, kuja uone! Nyoka wanapandana pale kwa mahindi!” Kweli, tuliwakuta nyoka wawili warefu wamesokotana kama kamba, vichwa juu, kila mmoja akimlemea mwenziwe. Kijana mmoja alikwishashika rungu. Hoja yake ilikuwa kwamba nyoka waliozama katika mapenzi hawamwoni mtu. Nilimzuia, nikasema, “Waache maarusi.”

Jioni nilimsimulia kwa simu mwenzangu anayefundisha zuolojia. Alicheka sana. “Maarusi gani, Profesa? Hao ni madume wawili wanapigana mieleka!”

Basi nilikuwa nimekosea, na kosa langu lilianzia katika neno. Kitenzi ‘kupandana’ kilituziba macho sote. Madume wa nyoka wengi, koboko akiwemo, hushindana hivyo. Kila mmoja hujaribu kukikandamiza kichwa cha mwenziwe chini. Aghalabu hawaumani, na anayeshindwa hujiondokea. Lakini mwenye rungu akiwakaribia, anaweza kuumwa na nyoka ambaye hakuwa ‘amelewa mapenzi’ hata kidogo.

Kupandana kwenyewe hakuna vishindo vingi. Dume hufuata harufu ya jike kwa kuonja ardhi na hewa kwa ulimi, kisha hulala juu ya mgongo wake na kupitisha mkia chini ya mkia wa jike. Dume ana viungo viwili vya uzazi vilivyofichwa ndani ya shina la mkia, ila hutumia kimoja kwa wakati mmoja.

Kosa la pili ni la neno ‘joka’. Wanafunzi wangu wengi hudhani joka ni dume la nyoka. La hasha! Joka ni hali ya ukubwa tu: nyoka huyu ametambaa, joka hili limetambaa. Tena kwa chatu, aliye mkubwa zaidi kwa kawaida ni jike. Ukimwita ‘dume’ kwa sababu ya unene wake, umempotosha msikilizaji.

Mjukuu wangu naye, tulipokuwa tukiwatazama nyoka katika Makavazi ya Kitale, aliniuliza, “Kuka, huyu ni mume ama mke?” Nilimrekebisha: mume na mke ni wa watu, wanyama ni dume na jike. Kiswahili kina fahali na mtamba, jogoo na tembe, na beberu pia, kwa kuwa mfugaji alihitaji maneno hayo kila siku. Nyoka hakufugwa, hivyo hakupewa jina la jinsia. Ngeli ya A-WA nayo haitusaidii, maadamu ‘ametaga’ na ‘ameshinda’ huchukua kiambishi kimoja.

Je, wataalamu hutambuaje? Hutazama mkia, yaani sehemu iliyo nyuma ya tundu la kutolea haja. Mkia wa dume aghalabu ni mrefu zaidi na mnene shinani, kwa vile ndimo viungo vile vilimofichwa. Mkia wa jike hupungua unene ghafla. Chatu ana vijikucha viwili kando ya tundu hilo. Vya dume huwa vikubwa zaidi, naye humpapasa jike navyo. Njia ya hakika zaidi ni kuingiza kichuma chembamba butu, kilichopakwa kilainishi, kuelekea mkiani. Kikizama magamba mengi, ni dume. Kikikwama mapema, ni jike. Hiyo ni kazi ya aliyefunzwa, kwani mkono mzito humjeruhi nyoka.

Faida ya kujua ni gani? Atakayewaweka madume wawili pamoja akitarajia mayai atavuna ugomvi. Na si kila jike hutaga: kifutu huzaa watoto hai, na mmoja mwenye asili ya Afrika Mashariki aliyefugwa Ucheki alizaa 156 kwa mkupuo mmoja. Hata hivyo, nchini Kenya usimfuge nyoka bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Nimewarudia wale vijana na kukiri kosa langu. Yule wa rungu aliniuliza, “Sasa tukiwaona tena, tuseme nini?” Nikamjibu: semeni ‘nyoka wawili wamesokotana’, kisha mkae mbali. Hayo ndiyo macho yenu yaliyoona. Mengine mwachieni anayejua kusoma mkia.