KAMPUNI NI MTU MWINGINE



Baba mwenye duka, lori au mashine ya kupasua mbao mara nyingi hushauriwa kuandikisha kampuni. Shauri hilo laweza kuwa jema. Lakini wengi hutia sahihi bila kujua wamefanya nini. Basi leo tujifunze jambo moja tu: kampuni ikiisha kuandikishwa, sheria huihesabu kuwa mtu. Ina jina lake, mali yake na madeni yake. Wewe uliyeianzisha ni mtu mwingine.

Jambo hili lilikatwa London mwaka 1896. Aron Salomon alikuwa mtengeneza viatu. Mwaka 1892 aliiuza biashara yake kwa kampuni aliyoianzisha mwenyewe. Katika hisa 20,007, yeye alikuwa na 20,001. Mkewe na watoto wao watano walipata moja moja. Biashara ilianguka upesi, na aliyewekwa kuifunga kampuni akataka Salomon alipe madeni kwa mali yake. Mahakama mbili zilimwunga mkono. Lakini Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa siku hizo, lilisema: deni ni la kampuni, si la Salomon. Kanuni hiyo yafuatwa hata leo katika mahakama za Tanzania, Kenya na Uganda.

Je, ni faida tupu? La, ngoja kwanza. Huko Ireland bwana mmoja aitwaye Macaura aliiuzia kampuni yake miti iliyokatwa shambani mwake. Bima ya miti hiyo aliikata kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1922 moto uliiteketeza. Wenye bima wakakataa kulipa, na mwaka 1925 Baraza lile lile likawakubalia: miti ilikuwa ya kampuni, si ya Macaura. Hakupata hata senti moja!

Tena, sikiliza habari za mjane mmoja wa New Zealand. Mumewe, Lee, alikuwa rubani wa ndege ya kumwagia mashamba mbolea. Alikuwa na hisa 2,999 kati ya 3,000 za kampuni yake, na kampuni hiyo ilimwajiri. Mwaka 1956 ndege ilianguka, akafa. Mjane aliomba fidia ya mfanyakazi, akaambiwa: mtu hawezi kujiajiri mwenyewe. Rufani ilifika London, na mwaka 1960 akashinda. Mwajiri alikuwa kampuni. Marehemu alikuwa mfanyakazi wake.

Unaona, msomaji? Kanuni ni ile ile moja. Ilimwokoa Salomon, ikamwumiza Macaura, ikamlisha mjane.

Kwa hiyo, ukienda kwa mwanasheria, mwulize kwanza: "Wewe ni wakili wa nani?" Wakili wa kampuni huitumikia kampuni. Siku ndugu wawili wenye hisa wakigombana, si wakili wa huyu wala wa yule. Na mkurugenzi aliyechukua fedha za kampuni asidhani kwamba wakili huyo ni padre wa kitubio. Siri ile ni ya kampuni. Mkurugenzi na atafute wakili wake mwenyewe.

Jihadhari pia na karatasi ya pili ya benki. Benki yajua kwamba deni la kampuni si lako. Ndiyo sababu hukuomba utie sahihi dhamana yako mwenyewe. Ukiitia, ngao ya Salomon umeiweka chini kwa mkono wako, na nyumba yako yaweza kuuzwa. Katika Tanzania, nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Mama, usitie sahihi kwa haya tu, uliza kwanza.

Wala kampuni si kichaka cha wezi. Mtu akiitumia kudanganya, mahakama yaweza kulifunua pazia na kumshika yeye mwenyewe. Na hata mahakama isipomwona, Amri ya Saba haijui pazia.

Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Basi jioni hii, baba na mama, zitoeni karatasi sandukuni. Tazameni bima ina jina la nani, lori lina jina la nani, na dhamana ina sahihi ya nani. Ni afadhali kuuliza leo kuliko kulia kesho mbele ya dalali.