Kiingereza cha Logiri na Somo la Wachina

Mwalimu yeyote wa Kiingereza katika shule za msingi za Logiri, kusini mwa mji wa Arua nchini Uganda, ataitambua sentensi ya aina hii kwenye insha za wanafunzi wake: "Yesterday my sister go to market and he buy two goat." Kalamu nyekundu hushuka. Go inakatwa, he inakatwa, buy inakatwa, goat inaongezewa s, na mwalimu mwangalifu huchomeka the kabla ya market. Masahihisho matano katika sentensi ya maneno kumi na moja. Mtoto hurudishiwa daftari lake lililojaa wino, na siku ya wazazi, mzazi wake huambiwa kwamba hasomi kwa bidii. Sasa ipeleke sentensi hiyohiyo kwa mwalimu wa Kiingereza wa kule Henan au Sichuan nchini China. Naye ataitambua, kwa kuwa wanafunzi wake huandika vivyo hivyo: kitenzi bila alama ya wakati uliopita, nomino bila wingi, he na she zikibadilishana nafasi, a na the zikiachwa njiani. Tofauti iko kwingine. Mwalimu wa China anajua makosa hayo yanatoka wapi, na vitabu alivyo navyo vimetungwa na watu wanaolijua jibu hilo. Mwenzake wa Logiri ameachiwa aligundue peke yake, akiwa na darasa lililofurika.

Kilugbara, lugha ya nyumbani ya Logiri, na Kimandarini cha Wachina hazina undugu. Kilugbara ni cha jamii ya lugha za Sudani ya Kati, tawi moja na Kimadi, nacho husemwa West Nile na ng'ambo ya mpaka, katika eneo la Aru nchini Kongo. Kimandarini ni cha jamii nyingine kabisa, mwisho mwingine wa dunia. Lakini ukizitazama kwa jicho la mtu anayejifunza Kiingereza, zinafanana kwa namna ya kushangaza. Zote mbili ni lugha za toni: ukipandisha au kushusha sauti, umesema neno jingine. Zote mbili hazimlazimishi msemaji kutia alama ya wingi kwenye nomino. Ukitaja mbuzi na ukataja mbili, kazi imekwisha, alama ya nini tena? Zote mbili hazina vijineno vya kutangulia nomino kama a na the. Zote mbili, katika mazungumzo, hazimtofautishi mwanamume na mwanamke kwa kiwakilishi. Wachina walianza kuandika herufi maalumu ya "yeye mwanamke" kwenye miaka ya 1920 tu, na hadi leo masikio hayasikii tofauti yoyote.

Upande wa kitenzi unahitaji subira kidogo, maana hapo ndipo kiini kilipo. Kiingereza hukibadilisha kitenzi chenyewe: go huwa went, buy huwa bought. Kimandarini hakifanyi hivyo. Huongeza kijineno kinachoonyesha kwamba tendo limetimia, au hutaja jana na kuendelea. Kilugbara nacho kina ufundi wake. Tendo likiwa limetimia, kitenzi hutangulia kitu kinachotendwa, kama ilivyo katika Kiswahili: nimekula enyasa. Tendo likiwa halijatimia, mpangilio hugeuka, kitu kikakaa mbele ya kitenzi, na toni ikatia muhuri. Kwa hiyo mtoto wa Logiri anaijua sana tofauti ya jana na leo, pengine kwa ustadi kuliko Mwingereza. Ameizoea kwenye mpangilio wa maneno, wala hajapata kuitafuta kwenye mkia wa kitenzi. Ukimwambia tu "weka kitenzi katika wakati uliopita", umemwambia jambo la kweli lisilomfaa kitu.

Juu ya sarufi kuna jambo la sauti, nalo ndilo husahaulika zaidi. Silabi ya Kilugbara huishia kwenye irabu. Ya Kimandarini huishia kwenye irabu au kwenye sauti za puani n na ng, na mara chache r. Kiingereza kimeweka alama zake mbili muhimu, s ya wingi na ed ya wakati uliopita, mahali hasa ambapo masikio ya watu hawa hayajazoea kusikia chochote: mwisho wa neno, tena nyuma ya konsonanti nyingine. Asked, walked, helped, books. Mwanafunzi hapungukiwi kanuni peke yake. Mara nyingi alama yenyewe haijamfikia sikioni. Mtaalamu wa isimu Donna Lardiere alimfuatilia kwa miaka mingi mwanamke msemaji wa Kichina aliyeishi Marekani, akizungumza Kiingereza nyumbani na kazini. Katika mazungumzo yake alitia alama ya wakati uliopita kwa kiasi cha theluthi moja tu ya mahali palipostahili. Alipoandika, kiwango kilipanda zaidi ya maradufu. Anayeamini kwamba dawa ya Kiingereza kibovu ni kumzamisha mtoto ndani ya Kiingereza mpaka kimwingie, aitafakari habari hiyo. Mama yule alikuwa amezama ndani ya Kiingereza kuliko mtoto yeyote wa Arua atakavyopata kuzama.

China imelishughulikia tatizo hili kwa njia isiyo na maajabu. Tangu mwaka 2001 sera ya huko imetaka Kiingereza kianze darasa la 3. Vitabu vya kiada hutungwa nchini humo, orodha za msamiati nyuma ya kitabu zina maana kwa Kichina, na kanuni za sarufi huelezwa kwa Kichina, hasa katika madarasa ya juu. Mwalimu akifika kwenye the husema wazi kwamba lugha yetu haina kitu hiki, na hizi ndizo hali zinazokihitaji. Akifika kwenye he na she, anajua atalirudia somo hilo mara nyingi kuliko mwalimu wa Ujerumani. Mazoezi hupangwa kulingana na ugumu wa mwanafunzi aliye mbele ya ubao.

Uganda nayo haikukaa kimya, na haki yake ipewe. Mtaala ulioanza mwaka 2007 uliagiza kwamba darasa la 1 hadi la 3 wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, darasa la 4 liwe daraja la kuvukia, na kuanzia la 5 Kiingereza kishike usukani. Kilugbara kilikuwa miongoni mwa lugha 12 zilizotengenezewa vitabu vya kusomea katika mradi mkubwa wa usomaji uliofadhiliwa na Marekani kuanzia 2012. Lakini tazama pengo lilipobaki. Mtoto anafundishwa kusoma Kilugbara upande huu, anafundishwa Kiingereza upande ule, na sijaona kitabu cha shule kinachoziweka lugha hizo mbili kwenye ukurasa mmoja na kumwonyesha zinapoachana. Kitabu cha Kiingereza anachopewa ndicho anachopewa mtoto wa Masaka, ambaye Kiganda chake, kama Kiswahili, hutia alama ya wakati ndani ya kitenzi na hugeuza nomino zikiwa nyingi. Mtoto wa Masaka akifika kwenye wingi na wakati uliopita anabadilisha alama tu. Wazo analo tayari. Mtoto wa Logiri analijenga wazo kuanzia msingi, katika kipindi kilekile, kwa mazoezi yaleyale.

Wala usidhani kwamba West Nile nzima ina hitaji moja. Ukitoka Arua kuelekea kaskazini hadi Koboko unaingia kwa Wakakwa, na hapo mambo yanageuka. Kikakwa ni lugha ya Waniloti wa Mashariki, ndugu wa Kibari cha Juba na jamaa wa mbali wa Kimaasai. Lugha hizi zina utajiri wa kutisha wa viambishi vya wingi, na nomino zake zimegawanywa katika jinsia mbili, ya kiume na ya kike. Kwa mtoto wa Koboko, s ya wingi ni mchezo akilinganisha na anayoyajua nyumbani. Kumtesa kwa mazoezi ya wingi yanayomfaa mwenzake wa Logiri ni kumpotezea muda ambao angeutumia kwenye the. Logiri na Koboko hazitenganishwi na masafa marefu, lakini kwa mwalimu wa Kiingereza ni nchi mbili.

Wapo watakaosema hoja hii ya kulinganisha lugha ni ya zamani na ilikwisha kushindwa. Wana sababu. Mwaka 1957 Mmarekani Robert Lado alichapisha kitabu akidai kwamba ukilinganisha lugha mbili utatabiri ugumu atakaoupata mwanafunzi. Miaka ya 1970 ilimkalia vibaya. Watafiti Heidi Dulay na Marina Burt waliwapima watoto wasemao Kihispania na watoto wasemao Kichina waliokuwa wakijifunza Kiingereza Marekani, wakatangaza mwaka 1974 kwamba makundi yote mawili yalizipata alama za sarufi kwa mfuatano unaokaribiana. Kama lugha ya nyumbani haina athari kubwa, kitabu maalumu cha Walugbara cha nini? Lakini utafiti haukuishia hapo. Mwaka 2009 watafiti Luk na Shirai walipitia kazi za baadaye na kuonyesha kwamba wasemaji wa Kichina, Kijapani na Kikorea huchelewa kuzipata s ya wingi na vijineno a na the, na huiwahi s ya umilikaji, kwa sababu lugha zao zina kitu kinachofanana nayo. Lado alidai mengi mno, waliompinga nao walifuta mengi mno. Kilichosalia baada ya ugomvi kinatosha kwa mahitaji ya darasa: lugha ya kwanza haiamui kila kosa, lakini makosa yanayorudiwa na darasa zima kwa sehemu kubwa hutoka huko.

Pingamizi la pili ni la wazazi, nalo ni zito kuliko la wasomi. Mtihani wa kumaliza darasa la 7 ni wa Kiingereza. Kila dakika ya Kilugbara inaonekana ni dakika iliyoibwa. Jibu bora ninalolijua limetoka Nigeria, ambako Babs Fafunwa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ife walianza mwaka 1970 kuwafundisha watoto masomo yote ya miaka sita ya msingi kwa Kiyoruba, lugha ya toni yenye gb yake kama Kilugbara, huku Kiingereza kikiwa somo linalofundishwa na mwalimu maalumu. Watoto hao hawakuachwa nyuma na wenzao kwa Kiingereza, na katika vipimo kadhaa waliwapita. Hata hivyo, msomaji asiuziwe mbuzi kwenye gunia. Utafiti uliofanywa Kenya katika miaka ya 2010 ulionyesha kwamba kufundisha kusoma kwa lugha ya mama kuliinua usomaji wa lugha hiyo, lakini hakukuongeza kitu kwenye Kiingereza. Mimi nauona ushahidi huo ukiunga mkono hoja yangu. Ujuzi hauvuki wenyewe kutoka lugha moja kwenda nyingine kwa sababu tu zimewekwa katika shule moja. Huko Ife kulikuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuuvusha.

Vipi kuhusu madarasa ya Arua mjini, ambako Mlugbara huketi na Mualuri, Mnubi na mtoto aliyekimbia vita Sudan Kusini? Hapo ulinganisho wa lugha mbili hautoshi, nakubali, na mjini mwalimu atalazimika kuchagua. Lakini Logiri si Arua mjini. Shule za vijijini zenye lugha moja bado ni nyingi, na si haki zinyimwe dawa kwa kuwa haizifai shule zote. Gharama nazo hutajwa upesi, kana kwamba China imeweza kwa sababu ina watu zaidi ya bilioni moja wa kununua vitabu. Walugbara wanazidi milioni moja, na hakuna anayedai mtaala mpya. Kijitabu cha mwalimu chenye kurasa arobaini kingetosha kuanzia: makosa gani yatatokea, kwa nini, na zoezi gani la kusikia miisho ya maneno. Malighafi ipo tangu Padri Crazzolara alipochapisha sarufi yake ya Kilugbara mwaka 1960. Kitabu maarufu cha Swan na Smith kinachowaeleza walimu matatizo ya wanafunzi kwa lugha zao kina sura ya Wachina na sura ya Waswahili. Walugbara hawamo, na hatungoji wachapishaji wake wa Cambridge wawaongeze.

Lakini tusiige kila kitu. Wachina wenyewe hulalamikia kile wanachokiita Kiingereza cha bubu: kijana anayefaulu mtihani wa sarufi na kushindwa kuagiza chai. Sarufi iliyoelezwa vizuri hufungua njia. Safari yenyewe ni kusoma. Mtaalamu wa msamiati Paul Nation alikadiria kwamba anayetaka kusoma riwaya au gazeti la Kiingereza bila msaada anahitaji familia za maneno (neno pamoja na minyumbuliko yake) zipatazo 8,000 hadi 9,000, na hakuna mwalimu anayeweza kuzifundisha ubaoni. Huko Fiji, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu 250 vya hadithi kwenye kila darasa la majaribio katika shule za vijijini, na ripoti yao ya mwaka 1983 ilionyesha watoto hao wakipiga hatua katika usomaji kwa kasi ya maradufu. Kwenye maandishi, s na ed haziwezi kujificha kama zinavyojificha sikioni, na hiyo ni faida kubwa kwa mtoto wa lugha ya irabu. Hadithi fupi za Kilugbara na za Kiingereza zipo bila malipo katika mkusanyiko wa African Storybook. Zinahitaji kuchapwa na kufika.

Kijitabu kile cha mwalimu ni kazi ambayo Chuo Kikuu cha Muni, kilichopo palepale Arua, kingeweza kuifanya pamoja na bodi ya lugha ya Kilugbara. Mwalimu wa Logiri hana haja ya kuwangoja. Achukue insha za darasa zima, aandike kila kosa na idadi ya watoto waliolifanya. Kosa la mtoto mmoja amweleze mtoto huyo pembeni. Kosa la darasa zima asilikatie mtu alama hata moja mpaka atakapokuwa amesimama mbele ya ubao na kulieleza kwa Kilugbara.