Je, Wajua? Koo Lapona, Moyo Waugua

Watoto wawili wa nyumba moja pale Salama, kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, wanaweza kuumwa koo kwa bakteria yule yule, streptokoka wa kundi A. Mmoja anapona, basi. Mwenzake, wiki mbili tatu baadaye, goti linavimba, kisha maumivu yanahamia kiwikoni: homa ya baridi yabisi, inayoweza kuuharibu moyo.

Kwa nini yeye? Sababu moja ni ya kurithi. Uchambuzi wa jozi 435 za pacha ulionyesha kwamba mmoja akiugua, uwezekano wa mwenzake kuugua ni asilimia 44 kwa pacha wanaofanana kabisa, na 12 tu kwa wasiofanana. Jeni za HLA, zinazoamua kinga ya mwili ionyeshwe kipande gani cha bakteria, zinashukiwa sana. Tena protini M ya bakteria huyu inafanana na protini za moyo, hivyo kingamwili hukosea na kushambulia vali za moyo.

Lakini urithi si hukumu. Kaskazini mwa Uganda, watoto 818 ambao vali zao zilionyesha dalili za mwanzo za uharibifu huo walifuatiliwa kwa miaka 2. Ugonjwa ulizidi kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa sindano ya penisilini; kwa waliochomwa kila wiki 4, asilimia 0.8.