Mashine ya Kusaga: Tuulize Umeme Kabla ya Bei

Si jambo geni katika vijiji vyetu, kama vile Kerenge katika Wilaya ya Korogwe, kumkuta mtu aliyeweka akiba ya mavuno ya misimu miwili mitatu, akaazimia kununua mashine ya kusaga iliyokwisha kutumika ili aifunge katika banda lililo ubavuni mwa nyumba yake. Sisi twaisifu nia hiyo. Mashine moja yaweza kuwapunguzia akina mama wa mtaa mzima taabu ya mchi na kinu, na kumwondolea mtoto wa shule safari ndefu ya kubeba debe la mahindi kichwani. Lakini yatupasa kusema waziwazi kwamba anayetazama bei tu, asijue nguvu ya kuiendesha mashine hiyo itatoka wapi, hununua mzigo wa chuma.

Wilaya ya Korogwe si ngeni kwa umeme. Kituo cha Hale, kiendeshwacho kwa maji ya Mto Pangani, kilianza kazi mwaka 1964 kikiwa na uwezo wa megawati 21. Na mwaka 1995 mto huo huo ulipata kituo kipya cha New Pangani Falls, chenye megawati 68. Hata hivyo, kwa miaka mingi umeme huo ulikwenda mijini na viwandani, na wanavijiji wakabaki na koroboi. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 ndiyo iliyounda Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007, na nguzo zikazidi kuingia vijijini. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini nguzo iliyo mbele ya nyumba si hakika ya kwamba mashine itasaga.

Umeme wa njia moja, wa volti 230, watosha taa, redio na pasi. Mashine ya kusaga ya biashara aghalabu huhitaji mota ya nguvu farasi 15 au 20, na mota kubwa kiasi hicho hutengenezwa kwa umeme wa njia tatu, wa volti 400. Mota ya nguvu farasi 20, yaani kilowati 15, huvuta ampea zipatazo 28 katika kila waya wa njia tatu. Mzigo huo huo ukitwikwa njia moja ungevuta zaidi ya ampea 80, na waya wa nyumba ya kawaida haukuwekewa mzigo huo. Tena mota ikiwashwa moja kwa moja, kwa nukta chache huvuta mara tano hadi saba ya kiasi chake cha kawaida. Viko vyombo vya kugeuza njia moja kuwa tatu, navyo huifaa mota ndogo. Lakini hakuna chombo kiwezacho kutoa nguvu isiyokuwamo katika waya.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda Tanga au Dar es Salaam kutafuta mashine, mnunuzi na afike kwanza katika ofisi ya TANESCO aulize: je, njia tatu zafika kwake? Je, transfoma ya kijiji yaweza kuubeba mzigo huo? Gharama ya kuunganishwa ni kiasi gani? Jibu likiwa hapana, imebaki injini ya dizeli. Nayo ina hesabu yake: injini ya nguvu farasi 15 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote hunywa kadiri ya lita tatu kwa saa, ambapo mota ya nguvu hiyo hiyo hutumia uniti 12 au 13. Kila mtu na azidishe kwa bei ya siku hiyo, akiongeza nauli ya kuleta mafuta, kisha aamue.

Asikubali mtu kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Na afungue kifuniko, azitazame nyundo. Nyundo iliyolika upande mmoja yaweza kugeuzwa, lakini zikibadilishwa lazima zilingane uzito, kwa kuwa mashine inayotikisika huua beringi zake mapema. Na alitazame chekecheo kama limetoboka, kwani hapo ndipo unga huwa chenga. Asome bamba la mota, apime na puli: mota ya mizunguko 1,450 kwa dakika yenye puli ya inchi 10, ikivuta puli ya inchi 5, huizungusha mashine mara 2,900, na mashine isiyotengenezwa kwa mwendo huo itavunjika. Mwisho, asage debe zima mbele ya macho yake kabla ya kutoa fedha, na adai stakabadhi.

Tena twasisitiza jambo moja lisilokuwa na mjadala. Mkanda lazima ufunikwe, na waya wa kutia umeme ardhini lazima uwekwe na fundi anayeijua kazi yake. Mkanda ulio wazi haubagui kanga ya mama wala mkono wa mtoto. Faida ya mwaka mzima haiwezi kulipa kiungo cha mtu.

Na pale ambapo mfuko wa mmoja hautoshi, twaona heri majirani watano au kumi waunganishe akiba zao, waandike hesabu zao wazi, na wachague mtu mwaminifu wa kushika fedha. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu wa namna hii. Waliendee wapate ushauri. Mashine kuukuu si kitu cha kuonea haya. Iliyopimwa vyema na kupewa nguvu yake itawasagia wanakijiji unga kwa miaka mingi.