Already, deja na -sha- (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona kwamba already ya Kiingereza husema jambo limekwisha kutokea, pengine mapema kuliko lilivyotazamiwa. Leo tuangalie maandishi yake. Waingereza huliandika neno moja, kwa sababu likikatwa kuwa all ready maana hugeuka: they are already here ni "wameshafika", they are all ready ni "wote wako tayari". Kiswahili chetu cha Beni na Butembo kina jambo la namna hiyo, na hatulijali vya kutosha. Tunaandika "alisha fika" kwa mafungu mawili, nami nashika kwamba ni kosa.

Wanaotetea mkato huo husema -sha- imetokana na kitenzi kamili, kwisha: amekwisha kufika, amekwisha fika, hatimaye ameshafika. Asili hiyo ni ya kweli, lakini haiamui maandishi ya leo. Hata -ta- ya "atafika" ilitokana na taka, na hakuna mwalimu atakayepokea "ata fika" katika daftari la mtoto. Kipimo ni kujaribu kutia neno katikati. "Amekwenda leo kulima" inasemeka. "Amesha leo lima" haisemeki, awe msemaji wa Kasindi au wa Lubero. Tena, "alisha" likisimama peke yake ni neno jingine kabisa: ni yule anayewapa mbuzi au kuku chakula. Msomaji akiliona hutazamia mifugo, kisha inambidi arudi nyuma aanze upya.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wapo wasemao kwamba alishafika ni kosa la Wakongo, na sahihi ni ameshafika tu. Si kweli, Mtanzania naye husema "nilishakuambia" kila siku. Tofauti ni kwamba huko -lisha- hubaki katika wakati uliopita, ilhali Butembo "gari ilishapita" hutumika hata kama vumbi lake bado liko barabarani. Katika mazungumzo matumizi hayo hayana madhara. Katika maandishi yanayosomwa mbali, madhara yapo. Wakati wa Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika 25 Juni 2020, "alishaugua" ingeweza kueleweka kuwa mtu aliyeugua zamani, na "ameshaugua" kuwa mgonjwa wa sasa anayehitaji matibabu leo. Mwandishi wa tangazo la afya hana budi kuchagua.

Deja tuliyoichukua kwa Wafaransa haiondoi shida hiyo. "Ameshafika deja" inasema jambo moja mara mbili. Beni kuna chuo kikuu cha Kikristo cha lugha mbili, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinachofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Mwanafunzi wake anayetafsiri already anayo -sha- tayari, iliyoungana na kitenzi. Kwa yet atahitaji -ja-, nayo tutaishika wiki ijayo.