Breki ya Nyuma ya Pikipiki: Kuirekebisha Bila Kujidanganya

Mwendesha pikipiki azungukaye Kigobe tu, katika barabara tambarare, aweza kukaa majuma mengi asijue kwamba breki yake ya nyuma imelegea. Hukanyaga, pikipiki husimama, naye huridhika. Ukweli humdhihirikia siku anapobeba abiria na mzigo, akapanda Barabara ya Taifa Namba 1 hadi Bugarama, kisha akageuka kurudi. Kutoka kule juu, penye zaidi ya mita 2,000, hadi ukingo wa Ziwa Tanganyika, ulio karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, ni takriban kilomita 35 za mteremko na kona, malori yakiwa mbele na nyuma. Hapo si mahali pa kugundua kasoro ya breki.

Pikipiki nyingi zibebazo abiria katika ukanda wetu, kama Bajaj Boxer, zina breki ya ngoma katika gurudumu la nyuma. Ndani ya ngoma mna viatu viwili vyenye umbo la mwezi mchanga. Ukikanyaga, ufito wa chuma huvuta mkono mdogo ulio kando ya gurudumu. Mkono huo huzungusha kamu, nayo huvitanua viatu hata vikabana ukuta wa ngoma. Kadiri viatu vinavyolika, ndivyo kanyagio linavyozidi kushuka kabla breki haijashika.

Ndugu msomaji, anza na cheni. Wengi hukosea hapa: hurekebisha breki asubuhi, jioni wakakaza cheni. Cheni hukazwa kwa kuvuta gurudumu nyuma, na gurudumu likirudi nyuma, breki nayo hujikaza, hata ikaanza kusugua ndani kwa ndani.

Cheni ikiwa sawa, simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, gia iwe huru. Bonyeza kanyagio kwa mkono na upime kwa rula: kwa kawaida ncha yake hushuka milimita 20 hadi 30 kabla viatu havijagusa ngoma. Nati ya kurekebishia iko mwisho wa ufito. Ukiizungusha kuelekea kulia, mwendo huo hupungua. Nati hiyo ina kijibonde kinachokaa juu ya pini ya mkono. Basi izungushe nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, ikae vema kila mara, la sivyo itajikalisha yenyewe njiani na kipimo kitapotea. Kisha zungusha gurudumu kwa mkono. Likikwama, legeza. Wako wapendao breki kali mno. Hao huichosha ngoma kwa joto, viatu vikawa vigumu na kung'aa, na breki ikawakimbia palepale mteremkoni. Hakikisha pia kwamba taa ya breki huwaka ukikanyaga na huzimika ukiachia.

Lililo zito zaidi ni alama ya ulikaji. Pikipiki nyingi zina kishale kwenye mkono wa breki na alama kwenye kifuniko cha ngoma. Mwambie mwenzako akanyage hadi mwisho. Kishale kikifikia alama, viatu vimekwisha, na hakuna spana itakayovirudisha. Baadhi ya mafundi huuchomoa mkono na kuusogeza jino moja ili nati ipate nafasi tena. Huko ni kuficha ugonjwa, na abiria aketiye nyuma hana namna ya kuujua. Dai viatu vipya. Ngoma ikifunguliwa, vumbi lake lipanguswe kwa kitambaa kibichi, lisipulizwe kwa mdomo, na mafuta yasiguse viatu kamwe.

Kwa wakazi wa Gatumba, ambako mto Rusizi ulifurika mwaka 2020, kuna jambo jingine: maji yakiingia ndani ya ngoma, breki huteleza. Ukitoka majini, nenda polepole ukikanyaga kidogo kidogo mpaka uhisi inashika tena.

Na uteremkapo, ingia gia ndogo, injini isaidie kuzuia, na utumie breki ya mbele pia. Azimaye injini ili kuokoa petroli huiachia ngoma moja uzito wa watu wawili na mzigo wao.

Baada ya marekebisho, jaribu kwanza mahali patupu, kwa mwendo wa mtu anayekimbia, ukiwa peke yako. Rudi, pima tena kwa rula, ndipo umpakie abiria.