Kupima VVU Fungurume: hesabu siku kabla ya kutoa franka

Usianze na bei. Anza na siku: tangu kondomu ipasuke, au ulale na mtu bila kinga, zimepita ngapi? Hesabu hiyo ni ya bure, nayo itakuepusha kulipia kipimo ambacho hakiwezi kukujibu.

Kama saa 72 hazijatimia, achana na kulinganisha bei. Nenda leo hii hospitalini au kituo cha afya, omba dawa za kinga za siku 28. Watakupima kwanza, ila majibu hayo yatasema habari za zamani, si za juzi. Saa hizo zikipita, hakuna pesa ya kuzirudisha.

Zimeshapita? Kipimo cha haraka cha kidole ndicho rahisi kupata. Kinatafuta kingamwili, na mwili huchelewa kuzitengeneza: huonyesha maambukizi kati ya siku 23 na 90. Katika programu ya taifa kipimo chenyewe hakilipiwi. Lakini bure ina mkia: fishi, konsultasio, pengine glavu. Uliza kabla hujakaa: "Jumla yote ni ngapi?" Wakikuandikia orodha ndefu ya vipimo vya damu, kataa kwa adabu. Kuhesabu chembe za damu hakuonyeshi VVU.

Kipimo cha kidole kitazame kwa macho yako. Pakiti ifunguliwe mbele yako, tarehe ya mwisho isomeke. Vingi vinatakiwa kuhifadhiwa chini ya nyuzi 30, na chumba cha bati mwezi wa Oktoba huzidi hapo, kwa hiyo uliza boksi linawekwa wapi. Tone la damu, matone ya maji yake, kisha dakika 15 au 20 za kungoja. Mstari wa uhakiki usipotokea, kipimo kimeharibika, hata kama ule mwingine umetokea. Wakirudie bila kukutoza tena.

Kipimo cha labo, cha damu ya mshipani, hutafuta pia kipande cha kirusi chenyewe, ndiyo maana huwahi: siku 18 hadi 45. Kinataka mashine na umeme wa uhakika, na huenda ukaelekezwa Kolwezi. Basi jumlisha nauli, chakula na siku ya kazi iliyopotea. Kinafaa kwa mwenye siku 45 tayari asiyeweza kungoja mpaka miezi mitatu, hasa mjamzito au anayenyonyesha. Ukiwa siku ya kumi, tunza pesa yako.

PCR, inayotafuta vinasaba vya kirusi, huwahi kuliko vyote, siku 10 hadi 33, na ndiyo ghali. Mtu mzima asiilipie mfukoni mwake ila daktari akiona homa na vipele baada ya hatari ya karibuni. Mwenye kuihitaji kweli ni mtoto mchanga wa mama mwenye VVU. Kingamwili za mama hukaa kwa mtoto hata miezi 18, kwa hiyo cha kidole kitamdanganya. Akiwa na wiki nne hadi sita, huchomwa kisigino, damu hudondoshwa kwenye viduara vya karatasi, hukaushwa, hutumwa labo. Mama, uliza majibu yatarudi lini na nani atakupigia simu. Safari tatu za moto, yaani pikipiki, kuulizia karatasi si bure tena.

Jibu likiwa chanya, kipimo kimoja hakitoshi. Lazima vipimo vya aina tofauti vikubaliane, mpaka vitatu. Usinunue dawa kwa mtu yeyote: katika programu za serikali hutolewa bure.

Na mwajiri akikudai kipimo cha VVU ili akupe kazi, usikilipie. Sheria ya Kongo namba 08/011 ya Julai 14, 2008 inakataza kulazimishwa.

Jimbo la Lualaba, lenye Fungurume, lilitegemea sana misaada ya Marekani kwa huduma za VVU, iliyosimamishwa Januari 2025. Piga simu kituoni kabla ya kupanda moto: vipimo vipo leo, na anayepima yupo?